Milimita 50 ni milimita 50

Wapigapicha wengi huamini kwamba lenzi ya zamani ya milimita 50, kama Super-Takumar ya skrubu ya M42, ikifungwa kwa adapta kwenye kamera ya Fujifilm X-T5, ambayo sensa yake (sehemu inayopokea mwanga) ni ndogo kuliko fremu ya filamu, hugeuka kuwa ya milimita 75, ilhali XF ya milimita 50, lenzi ya Fujifilm wenyewe iliyoundwa mahsusi kwa sensa hiyo ndogo, hubaki 50. Sivyo. Urefu wa fokasi, yaani hizo milimita 50, ni sifa ya lenzi yenyewe. Sensa huchukua eneo lenye ukubwa uleule kwa lenzi zote mbili, hivyo upana wa mandhari katika picha zao hulingana. Adapta ya kawaida hushika tu nafasi iliyohitajiwa na kioo cha kuakisi kilicho ndani ya kamera ya filamu. Tofauti inayostahili kupimwa, nami huianza hapo, ni jinsi kila moja inavyostahimili jua la mbele, ambalo mara nyingi hufifisha rangi za lenzi kongwe.