Bekereli na Siveti: Maswali ya Wakazi wa Malindi Kuhusu Mionzi

Swali: Tangu Uyombo, hapa Kaunti ya Kilifi, ipendekezwe kujengwa kinu cha nyuklia, tunasikia mara bekereli, mara milisiveti. Je, bekereli 1,000 ni nyingi au ni chache?

Jibu: Idadi hiyo peke yake haitoshi. Bekereli huhesabu viini vya atomu vinavyovunjika kila sekunde ndani ya kitu, kiwe maji, samaki au mchanga. Haisemi ni nishati kiasi gani iliyofyonzwa na mwili. Nishati hiyo hupimwa kwa grei, yaani jouli moja kwa kila kilo ya mwili, na uwezekano wa madhara hukadiriwa kwa siveti, kwa kuwa aina za mionzi hazidhuru sawa: ile ya alfa huhesabiwa kuwa na uwezo wa kudhuru mara 20 ya ile ya gama.

Tuseme mtu mzima amemeza bekereli 1,000. Zikiwa za tritiamu, dozi yake ni maikrosiveti (sehemu ya milioni ya siveti) 0.018 tu; zikiwa za sesiamu 137 ni 13; na zikiwa za poloniamu 210 hufika 1,200. Kinacholeta tofauti hiyo ni aina ya mionzi, muda ambao dutu hukaa mwilini na kiungo inachokimbilia. Umri nao una uzito wake: kwa iodini 131, inayokusanyika kwenye tezi ya shingo, mtoto mchanga hupata dozi takriban mara nane ya mtu mzima kwa bekereli zilezile. Kwa hiyo anayekutajia bekereli bila kutaja dutu, muulize kwanza ni ya nini.

Swali: Tunasikia hiyo poloniamu imo baharini na katika samaki; mbona? Tuache samaki?

Jibu: La. Ni ya asili, na kiasi chake katika mlo wa kawaida ni kidogo mno. Hata mwili wako una bekereli 4,000 hivi za potasiamu 40.

Swali: Nanyonyesha, nami nimepigwa eksirei ya kifua. Je, maziwa yangu yana mionzi?

Jibu: Hayana. Eksirei hupita na kwisha papo hapo. Inaacha dozi ndogo, kwa kawaida isiyozidi milisiveti 0.1 (yaani maikrosiveti 100), lakini haiachi bekereli hata moja, hivyo mnyonyeshe mwanao bila kusubiri. Anayepewa dawa ya iodini 131 hali yake ni nyingine: dutu yenyewe huingia katika maziwa, na ni lazima aache kunyonyesha kabla ya kuitumia.