Kabla hujakata bampa la Forester yako kwa ajili ya intakula

Wenye Forester za tabo wengi hunijia wakiwa wameshaamua: wanataka intakula kubwa ya mbele (kile kipozeo cha hewa ambayo tabo inaisukuma kwenda kwenye injini), ile inayong'aa katikati ya bampa. Mimi nauliza kwanza gari linashinda wapi, kwenye foleni ya Mwenge au barabara ya Iringa.

Tupige hesabu kidogo. Kwa joto la Dar la nyuzi 32, tabo ikisukuma presha ya bar 1, hewa inatoka humo ikiwa na nyuzi 125 hivi, tukiipa tabo ufanisi wa asilimia 70. Ipoze ifike 50 bila kupoteza presha, na silinda zinapata hewa zaidi ya asilimia 20 ya ziada. Isipopozwa, injini inaanza kugonga, kompyuta inarudisha nyuma taimingi (wakati wa plagi kuwasha) na gari linakuwa zito. Wenzetu wa Nairobi wasitegemee baridi yao: kule juu hewa ni nyepesi, tabo inahangaika zaidi kufikisha bar 1 ileile, na hewa inaweza kutoka na joto zaidi kuliko ya huku pwani.

Subaru waliweka intakula juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Kwenye foleni inapata joto la injini mpaka huwezi kuishika, hilo ni kweli. Lakini gari likishika mwendo inapoa, na njia ya hewa ni fupi, kwa hiyo tabo inaitika upesi. Ya mbele inadai paipu ndefu za kwenda na kurudi, kukata au kubadili chuma cha bampa, na kuhamisha ile valvu ya kupumulia (inayoachia presha ya tabo unapoachia pedeli ya mafuta) ambayo kiwandani imefungwa juu ya intakula yenyewe. Halafu inakaa mbele ya kondensa ya eisi na rejeta. Kwa Dar hii, mimi eisi siichezei.

Kwa tabo ya kiwandani, basi, nashauri ubaki juu: ya Subaru STI, ambayo inakaa kwa marekebisho ya mipira na vibano, au ya alumini tupu, kwa sababu nyingi za kiwandani zina matangi ya plastiki pembeni ambayo yakizeeka huachia. Ya mbele ina haki yake ukibadili tabo, au ukipanda mlima Kitonga umejaza watu na mizigo, presha juu muda wote na mwendo mdogo. Hata hapo tazama upana wa uso unaopigwa na upepo kuliko unene. Intakula nene, mapezi yake ya nyuma yanapata upepo ambao tayari umepashwa moto na ya mbele.

Ukinunua ya mtumba, mulika ndani kwa tochi. Mafuta kidogo ni kawaida. Chengachenga zinazometa zinamaanisha tabo ya gari lile ilikufa na kumwaga vipande vyake humo. Usizitafute kwa sumaku, maana pangaboi la upande wa hewa ni la alumini. Na usidanganyike kwamba petroli itasafisha. Intakula hiyo iache hapohapo dukani.

Wakati wa kufunga, ziba mdomo wa tabo na wa throto (mlango wa hewa ya injini) kwa kitambaa safi kabla hujalegeza nati yoyote. Mwisho wa kila paipu uwe na tuta (ukingo ulioinuka kuzunguka mdomo), la sivyo mpira utachomoka presha ikipanda. Futa mafuta kwa spiriti, tumia klampu za boliti, acha zile za bisibisi.

Kisha pima uvujaji, na hapa ndipo mafundi wengi wanaruka. Kata kipande cha bomba la plastiki, kizibe, kitie valvu ya tairi, kifunge kwenye mdomo wa kuingizia hewa baada ya sensa ya hewa. Bana mipira ya kupumulia ya injini ili presha isiende kusukuma sili za mafuta. Jaza taratibu mpaka psi 15, pakaza maji ya sabuni kwenye kila maungio. Povu likitokea, kaza. Hewa inayovuja hapo imeshahesabiwa na sensa, kwa hiyo kompyuta inamwaga petroli ya hewa ambayo haipo: moshi mweusi, harufu, ulaji mbaya. Valvu inayopumulia nje kwa mlio wa "pshhh" inaleta shida hiyohiyo kila unapoachia pedeli ya mafuta.

Mwisho, wale wa kupima kwa simu. Kwenye Forester hizi za injini ya EJ, joto la hewa linaloonekana kwenye programu linatoka kwenye sensa iliyo kabla ya tabo. Badili intakula mara kumi, namba ile haitakuambia lolote. Chomeka sensa ndogo ya joto kwenye paipu karibu na throto, panda kilima kimoja saa ileile kabla na baada ya kufunga, ndipo tulinganishe.