Filamu za madubwana za miaka ya 1950: zilivyotengenezwa na kwa nini bado zinatazamwa

Filamu ya dubwana ya bajeti ndogo, kama wapenzi wa sinema wanavyoielewa, kwa kawaida ni filamu fupi isiyo na rangi, ya dakika 60 hadi 80, ambayo mara nyingi ilipigwa Marekani kwa wiki moja au mbili. Kiini chake ni kiumbe mmoja wa kutisha: mdudu aliyekua kupita kiasi, mgeni kutoka sayari nyingine, au mnyama wa kale aliyeamshwa na bomu la atomiki. Fedha ni kidogo, waigizaji si maarufu, na hadithi inasimuliwa bila utani hata kidogo. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayozidumisha, kuliko watu wanavyodhani.

Zilizaliwa na pengo la soko. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizibana studio kubwa: ziache kuwauzia wenye majumba ya sinema filamu kwa mafungu, na ziachane na majumba zilizoyamiliki. Studio zikapunguza filamu ndogo za kujazia ratiba. Wakati huohuo televisheni iliwabakiza watu wazima nyumbani. Waliobaki kutoka usiku walikuwa vijana, na wengi walikwenda kwenye viwanja vya sinema ambako watu hutazama wakiwa ndani ya magari. Walitaka filamu mbili kwa tiketi moja. James Nicholson na Samuel Arkoff walianzisha kampuni yao mwaka 1954, ikaja kujulikana kama American International Pictures, na mtindo wao ulikuwa kuanza na jina, kisha bango, halafu ndipo hadithi iandikwe. Hatari ya mtindo huo ilijitokeza mapema. Bango la The Beast with a Million Eyes (1955) liliahidi kiumbe ambaye filamu yenyewe haikuwa naye, ikabidi fundi Paul Blaisdell atengeneze haraka kikaragosi kisichofika nusu mita ili kuwe na kitu cha kuonyesha.

Dubwana lilipatikana kwa njia chache, na kila moja ilikuwa na kasoro zake.

Vazi ndilo lililozoeleka zaidi. Fundi alibandika vipande vya sponji juu ya nguo ya kubana, akavipaka mpira wa majimaji, akapaka rangi. Tatizo ni joto na pumzi. Mpira hautoi jasho nje, na matundu ya macho yakipanuliwa uso unapoteza umbo, kwa hiyo aliye ndani hutembea nusu kipofu. Ndiyo sababu madubwana mengi hutembea polepole na kunyoosha mikono mbele. Walipokosa kabisa fedha za vazi walitumia walichonacho: mgeni wa Robot Monster (1953) ni vazi la sokwe lililowekewa kofia ya mzamiaji kichwani.

Japani ilifikisha mbinu ya vazi mbali zaidi kwa Godzilla ya 1954. Kwa viwango vya Japani haikuwa filamu ya bei nafuu, lakini inafundisha hesabu ambayo kila fundi wa madubwana anapaswa kuijua. Mji wake mdogo ulijengwa kwa kipimo cha 1 kwa 25. Kitu kidogo huanguka na kufika chini upesi mno, na jicho hugundua mara moja kwamba hakina uzito. Dawa ni kupiga kwa kasi na kuonyesha kwa mwendo wa kawaida. Chukua kipeuo cha pili cha kipimo: kwa 25 ni 5. Zidisha kwa fremu 24 za kawaida, yaani picha 24 moja moja kwa kila sekunde, unapata fremu 120 kwa sekunde. Lakini kila fremu sasa inapata mwanga wa moja ya tano tu, kwa hiyo taa lazima ziongezwe mara tano, na joto la taa hizo linamwangukia mwigizaji Haruo Nakajima ndani ya vazi lenye uzito wa takriban kilo 100. Kisichorekebishika kwa hesabu yoyote ni maji na moto. Tone la maji halipungui ukubwa eti kwa sababu meli ni ndogo. Ukitaka kujua kama bahari ni beseni, tazama matone.

Njia ya pili ni kikaragosi kinachosogezwa fremu kwa fremu. Fundi Ray Harryhausen aliifanya karibu peke yake katika The Beast from 20,000 Fathoms (1953). Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, na kila kiungo kinachotembea lazima kisogezwe kidogo kabla ya kila fremu. Hapo unaelewa kwa nini pweza wake wa It Came from Beneath the Sea (1955) ana mikono sita badala ya minane. Mikono miwili iliyopunguzwa ilikuwa fedha na siku nyingi za kazi zilizookolewa, na kwa kuwa mingine iko chini ya maji, mtazamaji hahesabu.

Njia ya tatu, ya bei rahisi kuliko zote, ni mnyama halisi aliyekuzwa kwa hila. Katika Beginning of the End (1957), mwongozaji Bert I. Gordon aliweka panzi hai juu ya picha za majengo ya Chicago. Ni werevu, mpaka panzi mmoja anapopita ukingo wa jengo na kukanyaga anga. Gordon alipenda pia kuunganisha picha mbili, ya jitu na ya watu wadogo, na hapo kosa ni la kiufundi: sehemu ya jitu isipozibwa vizuri katika picha ya mandhari, mwanga wa picha zote mbili unaingia mahali pamoja, na milima inaonekana kupitia kifua chake. Kwangu hiyo ni dhaifu kuliko vazi lolote baya, kwa sababu kitu kinachopenyeka kwa macho hakiwezi kumponda mtu.

Basi mwongozaji mwenye busara alificha. Kwa nusu saa ya kwanza tunapata nyayo, sauti, nyumba iliyovunjwa, kipimamionzi kinacholia. Havigharimu chochote, na vinamfanya mtazamaji ajitengenezee dubwana lake mwenyewe. Them! (1954) ilikusudiwa kuwa ya rangi na ya pande tatu. Bajeti ikakatwa, ikabaki nyeusi na nyeupe, na hasara ikageuka faida, kwani dhoruba za mchanga na mahandaki yenye giza vinaficha viungo vya siafu wakubwa wa mitambo, madubwana ya filamu hiyo. Anayefichua mapema hulipa. Katika The Giant Claw (1957) waigizaji wanazungumza kwa hofu ya kweli juu ya ndege mkubwa; mmoja wao, Jeff Morrow, alieleza baadaye kwamba hawakuwa wamemwona kabla ya filamu kuonyeshwa. Kikaragosi kile kina shingo ndefu na macho ya kutokeza, na kila kinaporudi kinaua hofu waliyoijenga. Hata hivyo uigizaji wao unabaki wa heshima. Filamu za leo zinazoigiza ubovu kwa makusudi hukosa hilo: zinamkonyeza mtazamaji, na hofu haina pa kukaa.

Hofu yenyewe ilikuwa na mizizi. Machi 1954 majivu ya jaribio la bomu la haidrojeni huko Bikini, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, yaliwaangukia wavuvi wa meli ya Kijapani Daigo Fukuryu Maru. Godzilla ilitoka Novemba mwaka huohuo na inaanza na meli inayoangamia kwa mwanga wa ghafla. Siafu wa Them! wametoka jangwa la New Mexico, bomu la kwanza lilikojaribiwa. Watazamaji hawakuhitaji kufafanuliwa.

Baadaye televisheni, iliyoyapora majumba ya sinema wateja, ndiyo iliyozihifadhi: vituo vilizinunua kwa bei ndogo na kuzirusha usiku, na watoto wakajifunza kutoka humo. Fundi Rick Baker, mshindi wa kwanza wa Oscar ya urembaji ilipokuwa tuzo ya kila mwaka, alikua akisoma jarida la Famous Monsters of Filmland, lililoanza 1958. Huko Phoenixville, Pennsylvania, kila Julai watu hukimbia kutoka ukumbi wa Colonial wakirudia tukio la The Blob (1958), filamu ambayo dubwana lake ni silikoni iliyotiwa rangi nyekundu.

Anayeanza na achague Them!, kisha The Blob. Aepuke matoleo yaliyotiwa rangi baadaye, maana rangi inafichua mishono ambayo kivuli kilikusudiwa kuifunika. Kwa Godzilla atafute toleo la Kijapani la dakika 96. Lile la Marekani la 1956 lilimwingiza mwigizaji Raymond Burr na kupunguza sehemu kubwa ya mazungumzo kuhusu bomu.