Je, wajua kwa nini mtu mwadilifu anaweza kufeli mtihani wa maadili?

Kijana anayeaga nyumbani kwenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kusomea shahada ya kwanza ya falsafa na maadili, hakosi kuulizwa na wajomba na mashangazi: maadili si yanafunzwa nyumbani, madrasa na kanisani? Miaka mitatu chuoni atafundishwa nini zaidi? Swali hilo ni la haki kabisa, na linazidi uzito pale inapotokea kwamba mwanafunzi mpole, mwaminifu, asiyewahi kumdhulumu mtu, anapata alama za chini katika somo la maadili, huku mwenzake ambaye hakuna anayethubutu kumkopesha hata shilingi elfu moja akipata A.

Sababu ni kwamba mtihani huo haupimi mwenendo wa mtu. Unapima uwezo wake wa kutoa sababu za kile anachokiamini na kuzitetea sababu hizo zinapopingwa. Nyumbani mtoto huambiwa kwamba uongo ni mbaya, naye huzoezwa hivyo hadi iwe tabia yake. Chuoni anaulizwa ni kitu gani kinachoufanya uongo uwe mbaya, na kama ubaya huo unabaki palepale hata uongo unapookoa maisha ya mtu. Anayejibu kwamba uongo ni mbaya kwa sababu ndivyo tulivyolelewa amesema kweli kuhusu malezi yake, lakini swali lenyewe hajaligusa.

Tuchukue swali moja tulitazame kwa karibu. Mwanachuo anamkopa mwenzake wa bwenini, akiahidi kulipa fedha za Bodi ya Mikopo zitakapotoka, zile ambazo wanachuo huziita bumu. Anajua fika kwamba bumu lake lote lina madeni mengine na kwamba hatalipa. Je, ametenda kosa, na kwa nini? Mfano huu umefanana sana na ule alioutoa Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, mwaka 1785. Kant anatutaka tuitaje kanuni iliyo nyuma ya kitendo: "Nikibanwa na shida nitakopa kwa kuahidi kulipa, hata kama najua sitalipa." Kisha tujiulize kama kanuni hiyo inaweza kuwa ya watu wote. Haiwezi, kwani kila mtu akiifuata hakuna atakayeamini ahadi ya mkopaji, na ahadi ya aina hiyo itakoma kuwa ahadi. Mkopaji anautegemea uaminifu wa wengine ili yeye apate nafasi ya kutokuwa mwaminifu.

Hapo ndipo alama nyingi hupotea. Wanafunzi wengi huandika kwamba, kwa mujibu wa Kant, kitendo hicho ni kibaya kwa kuwa kitaleta madhara katika jamii. Hiyo si hoja ya Kant. Inakaribia zaidi hoja ya Mwingereza John Stuart Mill, ambaye katika maandishi yake ya mwaka 1861 alipima vitendo kwa kiasi cha furaha au maumivu yanayotokana navyo. Tofauti hiyo haionekani hadi swali libadilishwe kidogo: tuseme mkopeshaji ana fedha za kutosha na atasahau deni, na mkopaji anataka kumnunulia mama yake dawa. Anayemfuata Mill sasa ana kazi ngumu ya kupima, pengine hata kukubali kwamba si kosa, wakati anayemfuata Kant hatikisiki, kwa kuwa ahadi ni ya uongo vilevile. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale aliyeishi karne nyingi kabla yao, angeanzia kwingine kabisa, kwa kuuliza mazoea ya kukopa hivyo yanamjenga mkopaji awe mtu wa namna gani.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa kuliko yote ni kuziorodhesha nadharia hizi tatu na kumaliza kwa kusema kwamba kila moja ina ukweli wake. Jibu la namna hiyo linaonekana la busara, lakini ni la kukwepa. Msahihishaji anataka mtu achague upande, aeleze kwa nini, kisha aitaje hoja kali kuliko zote dhidi ya upande wake na kuijibu.

Ndiyo maana somo la mantiki, yaani la kupima kama hoja inashikamana, huwa haliko mbali na somo la maadili. Hoja nyingi tunazozisikia vijiweni na ofisini zina pengo ambalo sikio halilioni. Mtu anasema: kila mtu hutoa "chai" ili ahudumiwe haraka, kwa hiyo kutoa "chai" si kosa. Sentensi ya kwanza inaeleza watu wanavyofanya. Ya pili inaamua wanavyopaswa kufanya. David Hume, mwanafalsafa wa Uskochi, katika kitabu kilichotoka miaka ya 1739 na 1740, aliwaonya wasomaji wake kuhusu mruko huo wa kutoka kwenye kilichopo kwenda kwenye kinachopaswa kuwa. Ili hoja ishikamane, lazima iongezwe sentensi iliyofichwa, kwamba jambo linalofanywa na wengi haliwezi kuwa kosa, nayo ikitamkwa wazi haidumu. Kabla soko la watumwa la Zanzibar halijafungwa mwaka 1873, kununua na kuuza watu ilikuwa biashara iliyozoeleka mwambao mzima.

Wapo wanaodhani kwamba uchunguzi wa aina hii ni mgeni kwetu, na dhana hiyo inastahili kukataliwa kwa nguvu. Mkenya Henry Odera Oruka, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alikwenda vijijini kuzungumza na wazee wenye hekima, na mwaka 1990 akachapisha matokeo yake. Aliwatenga wazee hao katika makundi mawili: wale wanaoijua vizuri hekima ya jamii yao na kuisimulia, na wale wanaoijua kisha wanaihoji kwa fikra zao wenyewe. Mmoja wa kundi la pili, Mzee Paul Mbuya Akoko, hakukubali kwamba kila watu wana Mungu wao; alisema kuwa Mungu ni mmoja, kwani wangekuwapo wengi, maumbile yangekuwa vurugu tupu. Kukubaliana naye au kutokubaliana naye ni jambo jingine, lakini hiyo ni hoja, ina sababu na hitimisho, na ilijengwa na mzee wa kijijini.

Lipo pingamizi la kweli: kama mtu mbaya anaweza kupata A, elimu hiyo ina faida gani? Aristotle aliliona tatizo hilo mapema. Aliandika kwamba tunachunguza maadili ili tuwe wema, si kwa ajili ya kujua tu, na akawafananisha wanaokimbilia mijadala bila kutenda na wagonjwa wanaomsikiliza daktari kwa makini halafu hawafuati hata agizo moja. Chuo hakiwezi kumfuata mtu hadi bwenini kuona kama amelipa deni. Kinachoweza kufanyika ni kumnyima visingizio, na semina hufanya kazi hiyo vizuri zaidi kuliko mtihani, kwa kuwa kwenye semina mwenzako yupo mbele yako na anakudai jibu.

Anayejiandaa kuanza mwaka wa kwanza ningemshauri aanze na "Crito" ya Plato, maandishi mafupi yanayosomeka kwa jioni moja. Socrates, mwalimu wa Plato, yuko gerezani Athens, mwaka 399 kabla ya Kristo, akisubiri kuuawa. Rafiki yake Crito anamsihi atoroke, akitaja pia watu watakavyosema. Socrates anaweka kando maneno ya watu na kuanza kuzipima sababu moja baada ya nyingine, kisha anaamua kubaki. Msomaji na asome akiwa na kalamu mkononi, atafute sababu iliyo dhaifu kuliko zote miongoni mwa zile za Socrates, na aende nayo kwenye semina ya kwanza.