Filamu ya milimita 70 ni nini, na kwa nini inadai jumba la zamani

Filamu ya milimita 70 ni filamu iliyochapwa kwenye mkanda wenye upana wa milimita 70, mara mbili ya ule wa milimita 35 ambao majumba mengi ya sinema duniani yaliutumia tangu mwanzo wa sinema hadi projekta za kidijitali zilipoingia. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu ukubwa wa skrini wala urefu wa hadithi. Inapima ule mkanda wenyewe unaopita ndani ya projekta, picha 24 kila sekunde.

Hapa Uganda wengi wetu tumejifunza kupenda filamu kwenye kibanda cha video, mbele ya televisheni, au siku hizi kwenye simu. Kwa hiyo kijana wa Kisenyi akisikia kwamba huko Chicago au London watu hupanga foleni kutazama filamu ya mwaka 1962 ndani ya jumba kongwe, ana haki ya kuuliza: filamu hiyohiyo si naweza kuipata kwa bando la siku moja? Hadithi utaipata, ndiyo. Lakini filamu hizo zilipigwa kwa ajili ya ukubwa fulani, na kuna mambo ndani yake ambayo hayaonekani kabisa picha inapopunguzwa.

Chukua hesabu rahisi. Picha moja kwenye mkanda wa milimita 35, ile sehemu inayopitisha mwanga, ina upana wa karibu milimita 21. Ukitaka ijaze skrini ya mita 15, lazima uikuze karibu mara 700. Picha ya mkanda wa milimita 70 ina upana wa milimita 48 na nusu hivi, kwa hiyo skrini hiyohiyo inahitaji kuikuza mara 300 na kidogo tu. Kila kasoro nayo hukuzwa pamoja na picha: chembechembe za kemikali, vumbi, mtikisiko mdogo wa mkanda unapopita mbele ya lenzi. Ukikuza kidogo, kasoro hubaki ndogo. Tena eneo la picha likiwa pana, kati ya mara tatu na zaidi ya mara nne kutegemea aina ya picha ya 35 unayolinganisha nayo, mwanga mwingi zaidi unaweza kupita bila kuuchoma mkanda. Ndiyo maana watu waliowahi kuketi mbele ya picha hizi husifu mambo mawili kwanza, utulivu na mwangaza. Ukali wa picha huja baadaye.

Mfano ninaoupenda kuliko yote umo katika Lawrence of Arabia ya David Lean, ya mwaka 1962. Mpanda ngamia anatokea mbali jangwani, ndani ya mangati, ile picha ya maji inayoletwa na joto. Mwanzoni ni nukta tu inayotetemeka juu ya mstari wa upeo wa macho, na Lean anatuacha tuisubiri ikue hadi iwe mtu. Kwenye simu nukta hiyo haipo. Unatazama mchanga mtupu, kisha ghafla mtu amefika. Kwenye skrini kubwa ya milimita 70, macho yako yenyewe ndiyo yanayoitafuta, unabishana nayo kama ni mtu au ni joto, na hofu inajengeka humo. Mwongozaji aliandika tukio hilo kwa ukubwa. Filamu hiyo iliporekebishwa kidijitali na kutolewa upya mwaka 2012, negativu yake, yaani mkanda wa asili uliopita kwenye kamera, ilichanganuliwa kwa kiwango cha 8K, nukta kama elfu nane kwa upana, kwa kuwa mkanda ule mpana ulikuwa umehifadhi mambo mengi kuliko skrini nyingi za leo zinavyoweza kuonyesha.

Kamera yenyewe haitumii mkanda wa milimita 70. Hupiga kwenye mkanda wa milimita 65, na nakala ya kuonyesha ndiyo huchapwa kwenye 70. Milimita tano zilizoongezwa zilikuwa za sauti. Nakala za zamani zilipakwa mistari ya sumaku pembeni mwa matundu ya kingoni ambayo projekta huyashika kuvuta mkanda, ikabeba njia sita za sauti: katika mpango wa awali, tano zilisikika nyuma ya skrini kutoka kushoto hadi kulia, na ya sita ukumbini, kuwazunguka watazamaji. Miaka ya 1950 majumba mengi bado yalikuwa na njia moja tu ya sauti. Fikiria basi mtu aliyezoea sauti ya spika moja, anasikia farasi wakianzia kushoto kwake na kumalizikia kulia. Nakala mpya hazina tena sumaku. Mkanda hubeba alama ndogo za muda, na alama hizo huongoza sauti ya kidijitali iliyo kwenye diski pembeni.

Mikanda mipana ilijaribiwa tangu zamani, ila hii ya 70 ilishika kwa sababu ya biashara. Televisheni iliingia majumbani Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na watu wakaanza kubaki nyumbani. Mwaka 1952 ikaja Cinerama, iliyotumia projekta tatu kwa pamoja kujaza skrini moja iliyopinda. Ilikuwa ya ajabu, na ilikuwa taabu tupu kuiendesha. Mfanyabiashara Mike Todd, aliyekuwa ameshiriki katika Cinerama, alitaka ukubwa uleule utoke kwenye projekta moja. Akashirikiana na kampuni ya American Optical, na mfumo wao, Todd-AO, ukaanza mwaka 1955 na filamu ya muziki ya Oklahoma!. Mifumo mingine ikafuata, ikiwemo ya kampuni ya kamera ya Panavision. Ben-Hur ya mwaka 1959 ilipigwa kwa mfumo mpana kiasi kwamba picha yake, ikionyeshwa kwa upana wake wote, ni karibu mara 2.76 ya kimo chake. Picha ya kawaida ya 70 ni mara 2.2.

Hapa kuna mtego ambao mpenzi wa filamu anapaswa kuujua. Bango likisema milimita 70, halijakuambia filamu ilipigwaje. Miaka ya 1970 na 1980 filamu nyingi zilipigwa kwa 35 kisha zikakuzwa kwenye nakala za 70, hasa kwa ajili ya zile njia sita za sauti. Sauti ya kidijitali ilipofika kwenye mkanda wa 35 mwanzoni mwa miaka ya 1990, sababu hiyo ikafa na nakala nyingi za 70 zikaacha kuchapwa. Nakala iliyokuzwa hutulia na kung'aa kuliko ya 35, lakini undani ambao kamera haikuuona haiwezi kuuongeza. Kwangu mimi tofauti hii ndiyo ya kwanza kuuliza kabla ya kulipa.

IMAX, mfumo mwingine wa skrini kubwa sana, nayo huchanganywa na milimita 70 ya kawaida. IMAX ya mkanda, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya mwaka 1970, hutumia mkanda uleule wa milimita 70, ila huupitisha kwa ubavu. Kila picha huchukua matundu 15 badala ya matano, kwa hiyo eneo lake ni kama mara tatu ya 70 ya kawaida. Nakala ya IMAX ya filamu ya Oppenheimer, mwaka 2023, ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 18 na uzito wa karibu kilo 270. Ukiukunjua mkanda huo kuanzia katikati ya Kampala unakaribia Mukono. Lakini kumbi nyingi za IMAX duniani leo ni za kidijitali na hazina mkanda wowote. Neno IMAX mlangoni halithibitishi kitu.

Sasa tuje kwenye majumba yenyewe. Kwa nini filamu hizi huonyeshwa mara nyingi katika majengo ya zamani, kama Somerville Theatre ya mwaka 1914 kule Massachusetts, Egyptian ya Hollywood ya mwaka 1922, au Music Box ya Chicago ya mwaka 1929? Watu hudhani ni mapenzi ya mambo ya kale tu. Mapenzi yapo, na hayana ubaya. Ila sababu kubwa ni kwamba jengo na mkanda vinafaana. Jumba la enzi zile lilijengwa kwa skrini moja na watu wengi: dari juu, ukuta wa mbele mpana, na chumba cha projekta kinachoweza kubeba mashine mbili nzito kusimama ubavu kwa ubavu. Kumbi za ndani ya maduka makubwa, zikiwemo za Kampala na Nairobi, zimegawanywa vyumba vidogo vidogo, na projekta zake za kidijitali husoma faili kutoka kwenye seva. Kuingiza mashine ya milimita 70 humo si jambo rahisi.

Kampala ilikuwa na majumba ya aina hiyo ya skrini moja. Linalojulikana zaidi ni Norman Cinema, lililochukua jina la Norman Godinho, mfanyabiashara mwenye asili ya Goa. Kizazi cha wazee wetu kilivaa nguo za Jumapili kwenda pale. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, ambao ndio walioendesha sehemu kubwa ya biashara ya sinema nchini. Halafu zikaja kanda za video, na vibanda vikachukua watazamaji. Jengo la Norman likawa kanisa katika miaka ya 1980, na leo ni Watoto Church. Nashukuru kwamba bado linakusanya watu. Lakini naumia kila ninapofikiri kwamba mtoto wa Kampala anaweza kuwa mtu mzima bila kuketi hata mara moja katika chumba kilichojengwa ili watu mamia watazame picha moja kubwa pamoja, tena chumba hicho anapita mbele yake kila siku.

Jambo moja kutoka kibandani litakusaidia kuelewa sinema ya mkanda kuliko maelezo ya kiufundi. Pale kwetu filamu haijiendeshi. VJ hukaa na maikrofoni, anatafsiri, anafafanua, anachangamsha, na watu huchagua kibanda kwa kumfuata VJ Jingo au VJ Junior. Onyesho hutegemea fundi aliye pale, saa ile. Milimita 70 ni hivyohivyo, isipokuwa fundi wake hanyanyui sauti. Filamu ndefu hufika ikiwa imegawanywa kwenye reli nyingi, yaani magurudumu yanayozungushiwa mkanda. Reli moja inapokaribia kwisha, alama ndogo ya duara hutokea kwenye kona ya juu kulia ya picha. Mwendesha projekta huwasha mashine ya pili. Alama ya pili ikitokea, huhamisha picha kutoka mashine ya kwanza kwenda ya pili. Akifanya vizuri, hakuna anayejua. Mkanda hupita kwa kasi ya zaidi ya mita 34 kwa dakika, hivyo filamu ya saa tatu ni zaidi ya kilomita sita za mkanda zilizopita mikononi mwake. Baadhi ya projekta zinazotumika mpaka sasa ni DP70 za Philips zilizobuniwa katikati ya miaka ya 1950, nazo bado zinaendelea kwa sababu kuna mafundi wanaozipaka mafuta na kutafuta vipuri.

Nakala nazo huzeeka. Rangi za mikanda mingi iliyochapwa kabla ya miaka ya 1980 zimefifia: bluu na kijani huondoka kwanza, na kinachobaki ni wekundu wa waridi juu ya kila kitu, jangwa na bahari sawasawa. Ile mistari ya sumaku hubanduka. Plastiki ya zamani ikioza hutoa harufu ya siki. Kwa hiyo jumba likitangaza nakala mpya, hiyo ni habari kubwa. Mwaka 2018, miaka 50 baada ya 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, nakala mpya za milimita 70 zilichapwa bila kutumia kompyuta kurekebisha chochote, zikazungushwa majumba mbalimbali kwa msukumo wa mwongozaji Christopher Nolan.

Mganda anayesafiri kwa masomo au kazi ana nafasi nzuri ya kuona jambo hili. London kuna Prince Charles Cinema. Karlsruhe, Ujerumani, jumba la Schauburg huandaa tamasha la filamu za milimita 70. Tazama ratiba mapema, kwa maana nakala ni chache na husafirishwa kutoka mji hadi mji. Mara nyingi hukaa siku chache tu. Uliza kama filamu ilipigwa kwa 65 au imekuzwa, na nakala ni ya mwaka gani. Usikimbilie viti vya nyuma kama tulivyozoea kwenye ukumbi wa maduka. Kaa mbele kidogo ya katikati, mahali ambapo lazima ugeuze macho kuona pembe zote mbili za skrini. Picha inaruhusu, haitapasuka chembechembe usoni mwako. Taa zikizimwa na muziki ukipigwa dakika kadhaa bila picha yoyote, usidhani mashine imeharibika. Filamu nyingi za enzi hiyo zilianza kwa muziki wa kufungulia, zikawa na mapumziko katikati, na zikamalizia kwa muziki wa kutokea. Majumba mazuri hucheza vyote, na pazia hufunguliwa picha ya kwanza inapoanza, si kabla.