Maswali na majibu: Kompyuta inavyotambua kromosomu zilizopangika upya katika saratani

Kupangika upya kwa kromosomu ni nini, na kunahusianaje na saratani?

Karibu kila seli ya mwili wa binadamu ina jozi 23 za kromosomu, yaani nyuzi ndefu za DNA zinazobeba jeni. Nyuzi hizo hukatika mara kwa mara, na kwa kawaida seli huziunga ipasavyo. Zikiungwa vibaya, kipande kinaweza kupotea, kurudufika, kugeuka mwelekeo au kuhamia kwenye kromosomu nyingine. Makosa mengi ya aina hiyo hayaleti saratani, lakini machache huiweka jeni ya ukuaji mahali isipostahili kuwa, na seli ikaendelea kugawanyika bila kudhibitiwa.

Mfano ulio karibu nasi ni limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu iliyopewa jina la daktari wa upasuaji Denis Burkitt, ambaye mwaka 1958 alichapisha maelezo ya watoto wenye uvimbe wa taya aliowaona nchini Uganda. Kwa wagonjwa takriban wanane kati ya kumi, kipande cha kromosomu ya 8 hubadilishana nafasi na kipande cha kromosomu ya 14. Kwa sababu hiyo jeni ya MYC, ambayo huhimiza seli kugawanyika, hujikuta jirani na vidhibiti vya jeni za kingamwili, ambavyo katika seli B, yaani chembe nyeupe zinazotengeneza kingamwili, hufanya kazi kwa nguvu sana, nayo MYC ikalazimika kufanya kazi bila kupumzika.

Je, hadubini haitoshi kuyaona mabadiliko haya?

Hadubini ndiyo iliyotufungulia njia. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, wakiwa Philadelphia, waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida katika seli za wagonjwa wa lukemia sugu ya mieloidi, aina ya saratani ya damu, na mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha kwamba imetokana na kromosomu ya 9 na ya 22 kubadilishana vipande. Ugunduzi huo ndio ulioongoza hadi dawa ya kutibu lukemia hiyo, imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001.

Hata hivyo, uchunguzi huo huhitaji seli hai zinazogawanyika, na badiliko lisilofikia herufi milioni kadhaa za DNA (yaani viungo vya kemikali vinavyopangana kuunda uzi wake) huweza kupita bila kuonekana. Vipimo vya rangi zinazong'aa huona vitu vidogo zaidi, lakini huangalia tu pale mtaalamu alipochagua kupaangalia.

Kompyuta hufanyaje kazi hiyo?

DNA ya uvimbe hukatwakatwa kuwa vipande vya herufi mia chache, na mashine husoma herufi kama 150 kutoka kila ncha ya kipande. Programu kisha hutafuta mahali pa kila ncha katika jenomu rejea ya binadamu, yaani mfuatano mzima wa DNA unaotumika kulinganishia, wenye herufi takriban bilioni 3.1. Ncha mbili za kipande kimoja zinapaswa kuangukia karibukaribu na kuelekeana. Moja ikiangukia kromosomu ya 8 na mwenzake ya 14, na jambo hilo likajirudia katika vipande vingi tofauti, kuna sababu ya kushuku kwamba kromosomu hizo zimeungana.

Dalili ya pili huwa na nguvu zaidi, nayo ni kipande kilichosomwa juu ya maungio yenyewe. Ni kama kukuta kitambaa ambacho nusu yake ina mji wa kanga moja na nusu nyingine mji wa kanga tofauti: mshono unaonekana palepale, nasi tunapata mahali pa mkatiko hadi kwenye herufi. Dalili ya tatu ni wingi wa vipande, kwa kuwa eneo lililorudufika husomwa mara nyingi kupita kiasi na lililopotea husomwa mara chache. Programu kama DELLY, LUMPY na Manta huunganisha baadhi ya dalili hizi badala ya kutegemea moja.

Matokeo yake yanaaminika kiasi gani?

Yanahitaji tahadhari. Takriban nusu ya jenomu ni mifuatano inayojirudiarudia, kwa hiyo kipande kifupi kinaweza kupachikwa mahali pasipo pake na kuzua muungano usiokuwepo. Sampuli iliyohifadhiwa kwa formalini huwa na DNA iliyoharibika, na uvimbe wenyewe huchanganyika na seli zenye afya. Isitoshe, kila mtu huzaliwa na maelfu ya tofauti za kimuundo zisizohusiana na saratani. Kwa maoni yangu, hatua isiyofaa kurukwa hata pesa zikiwa chache ni kusoma pia DNA ya tishu yenye afya ya mgonjwa huyohuyo, ambayo mara nyingi ni damu, ili kuondoa tofauti alizozaliwa nazo. Na hili lina uzito zaidi kwa Waafrika, ambao wana tofauti nyingi za kijenetiki zisizomo katika jenomu rejea.

Mashine mpya zinazosoma maelfu ya herufi kwa mkupuo mmoja hupunguza tatizo la marudio. Kwa Burkitt ya Afrika ya kitropiki hiyo ni faida kubwa, kwa sababu mikatiko yake mara nyingi iko mbali na MYC na hutofautiana kati ya mgonjwa na mgonjwa, hivyo kipimo cha PCR, ambacho hunakili kipande kimoja cha DNA mara nyingi ili kionekane, kikilenga sehemu moja maalumu hukosa mingi.

Je, mgonjwa asubiri kipimo hiki kabla ya kutibiwa?

Hapana. Burkitt hutambuliwa kwa kuchunguza kinyama cha uvimbe maabara, na hutibiwa kwa dawa za kemotherapi. Uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo mtoto mwenye taya au tumbo linalovimba haraka apelekwe hospitali mara moja. Kwa lukemia sugu ya mieloidi, kipimo cha PCR cha damu kinachotafuta muungano wa BCR na ABL1, jeni mbili zinazounganishwa na kubadilishana vipande kwa kromosomu ya 9 na ya 22, hutosha kwa kawaida kufuatilia kama dawa inafanya kazi, na kinapaswa kurudiwa kwa ratiba anayoipanga daktari hata mgonjwa anapojisikia mzima kabisa.