Mawese si mafuta ya shida: dhana potofu kuhusu mapishi ya Kigoma

"Mawese ni ya sabuni." Husemwa hata Ujiji kwenyewe, hasa sikukuu inapokaribia na watu wanaona aibu kuwapikia wageni mafuta mekundu. Ni kweli mawese hutengeneza sabuni. Mafuta ya nazi nayo hutengeneza sabuni, na sijasikia mtu akiudharau wali wa nazi. Wekundu wa mawese ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Maharage ya Kasulu yaliyoungwa kwa mawese yana faida hiyo pamoja na ladha yake.

Wapo wanaokubali kuyapikia, ila huyaunguza kwanza mpaka yawe meupe, eti kuondoa harufu. Wanaiondoa karotini yenyewe, na utamu unaondoka nayo! Yapashe kwa moto wa wastani, tia kitunguu mapema, kilainike, ndipo nyanya, chumvi na pilipili. Yakianza kutoa moshi mzito, umechelewa.

Je, yana lehemu (kolesteroli)? Hayana, maana lehemu hutoka kwenye vyakula vya wanyama. Lakini karibu nusu ya mawese ni mafuta mazito, aina ambayo ikizidi si nzuri kwa moyo, kwa hiyo pima kwa kijiko, usimimine. Uzito huohuo ndio unaoyagandisha wakati wa baridi ya Juni na Julai kule Kasulu na Kibondo. Kuganda si kuharibika: weka chupa kwenye maji ya moto, yatayeyuka. Yaliyoharibika utayajua kwa harufu kali na ladha ya ukakasi.

Dhana nyingine ni kwamba samaki ni mboga ya kila siku na sikukuu ni ya pilau ya nyama. Mimi naipinga kwa moyo wote. Samaki mgebuka ni wa jenasi moja na sangara, yaani ni ndugu wa karibu, asili yake ni Ziwa Tanganyika tu, na chakula chake kikubwa ni dagaa. Mchanje mistari ubavuni, mpake ndimu na chumvi, mchome kidogo, kisha mmalizie ndani ya rojo la mawese. Ukimwandalia na ugali wa muhogo, hiyo ni sinia ya Idi au Krismasi.

"Dagaa ni dagaa tu." Hapana. Dagaa wa Kigoma ni wa ukoo mmoja na saladini wa baharini. Wa Ziwa Victoria ni wa ukoo mwingine kabisa, ndiyo maana ladha hazifanani. Ukinunua, uliza walianikwa wapi. Wa mchangani waoshe mara kadhaa kwa maji ya uvuguvugu. Wa kichanjani hawasumbui.

Hili la mwisho ni la usalama. Wengine huogopa kwamba kisamvu kikichemshwa sana hakifai tena, hivyo hukiepua mapema. Majani ya muhogo yana viini vinavyotoa sumu ya sianidi. Kuyatwanga huvivunja viini hivyo, na kuchemsha huitoa sumu kwa mvuke. Yatwange hadi yalainike vizuri, yachemshe kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi, na mawese na karanga viingie kisamvu kikishaiva.